Ukuta wa Nyuzi wa Ihumwa

Ukishuka Ihumwa na kuulizia nyumba ya Mwalimu wa Nyuzi, hata leo atatokea mtu wa kukupeleka, na njiani atakuambia kwamba mzee yule alikuwa na akili kuliko maprofesa. Nimechoka kuyasikia hayo. Nilimjua tangu nikiwa darasa la kwanza, ukiondoa miaka tisa niliyokaa ng'ambo, na nasema hakuwa na akili nyingi. Alikuwa na ukaidi mwingi na ukuta mrefu. Vitu hivyo viwili vikikutana, watu huviita akili.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hayo husomwa makaburini na watu wasiomjua marehemu. Nitaeleza niliyoyaona. Na kubwa nililoliona ni hili: mtu alitumia miaka yake yote ya ustaafu kuchora jinsi maneno yanavyoshikana kichwani mwa binadamu, na mkewe alipopoteza maneno, mchoro wote ule haukuweza kumpa hata moja.

Ili msomaji ajue anayesema ni nani, mimi ni mtoto wa mkulima wa Haneti. Nilijisomesha. Nilikwenda ng'ambo na sanduku la mbao, nikaosha vyombo hotelini, nikalinda maghala, nikasoma katikati ya zamu na zamu mpaka nikapata stashahada ya kompyuta na takwimu. Hakuna mjomba aliyenipigia simu. Nikarudi miaka ya ruksa, wakati kila mwenye chumba barabarani alikigeuza duka, nikafungua ofisi ya kuchapa na kurudufu nyuma ya soko la Dodoma mjini. Kompyuta mbili, printa moja, stabilaiza ya umeme. Bunge likikaa, makarani walipanga foleni mlangoni kwangu wakiwa na maandiko ya waheshimiwa. Stashahada niliitundika juu ya printa, na ipo hadi leo.

Sasa ukuta. Ulikuwa wa sebuleni, ule wa kushoto ukiingia, umesiribwa kwa saruji kutoka sakafuni mpaka kwenye kenchi. Kila baada ya kiganja palikuwa na msumari mdogo, na kwenye kila msumari ilining'inia kadi iliyokatwa kwenye boksi la sabuni, na kila kadi ilikuwa na neno moja. Maji. Chumvi. Serikali. Mbuzi. Kati ya misumari zilipita nyuzi. Alichofanya ni kumwendea mtu na kumwambia, "Nikisema chumvi, unasema nini? Upesi, usifikiri." Ukisema bahari, alikwenda nyumbani akavuta uzi kutoka msumari wa chumvi mpaka msumari wa bahari. Mwingine akisema bahari tena, aliongeza uzi juu ya uzi. Baada ya miaka kadhaa ukuta ulikuwa kama mgongo wa fenesi. Kalenda haikuwa na mahali pa kutundikwa.

Mgeni hakuruhusiwa kuegemea. "Toka hapo, umeikalia mvua!" Jirani mmoja, mama mnene mwenye kucheka, aliwahi kuukata kwa bega uzi uliounganisha ndoa na kelele. Mzee alimzuia kuondoka mpaka alipoufunga upya.

"Acha tu, Mwalimu," yule mama alimwambia. "Ikiwa ndoa imeachana na kelele, waache wapumzike."

Mzee hakucheka. Nilikuwapo. Sikumbuki kumwona akicheka kwa jambo ambalo hakulianzisha yeye.

Treni ilikuwa shamba lake. Iliposimama Ihumwa kupisha nyingine, alitembea kando ya mabehewa na penseli sikioni, akigonga chini ya madirisha. Abiria walidhani anauza kitu.

"Nikisema chumvi, unasema nini?"

"Nasema bei gani?"

"Sikuulizi bei. Neno la kwanza linalokujia."

"Mzee, unauza chumvi au huuzi?"

"Siuzi."

"Basi unatuchelewesha nini?"

Naye aliandika. Chumvi, bei. Chumvi, kuuza. Chumvi, kuchelewa. Hakujua kutenganisha jibu na matusi. Huko nilikosoma, mtu akikusanya takwimu namna ile anarudishwa mwaka wa kwanza.

Ni reli hiyohiyo iliyompa misemo yake, na misemo ndiyo iliyowapumbaza watu. "Kichwa ni reli," alisema. "Neno halikai peke yake. Lina stesheni kabla na stesheni baada." Maneno kama maji, mtu na nyumba aliyaita makutano, kwa sababu nyuzi za kila upande zilipita hapo. Maneno kama kisigino aliyaita vituo ambavyo treni haisimami. Ukimwuliza maana ya neno alikukata kauli. "Usiniulize maana. Niulize jirani zake ni nani."

Nitasema kweli, maana sina sababu ya kumwogopa marehemu. Mambo hayo ni elimu kamili. Lipo somo la nukta na mistari, nami nimelifanyia mtihani na kufaulu: unahesabu kila nukta ina mistari mingapi, unakuta chache zina mingi mno na nyingi zina michache, na unakuta kwamba kutoka nukta yoyote hadi yoyote safari ni fupi kuliko ulivyodhani. Wapo wanaolitumia somo hilo kuchunguza lugha na akili ya mtu. Yeye aliyaona hayo kwa misumari, bila kitabu. Alikuwa akimwambia mgeni ataje maneno mawili yoyote, kisha anatembeza kidole juu ya nyuzi: mbuzi, maziwa, mtoto, shule, serikali. Hatua nne. Watu walipiga makofi. Lakini hata kuku huiona mvua kabla ya mtu wa hali ya hewa, na hakuna anayempa kuku cheo.

Mara moja nilimwona akifanya jambo ambalo watu wa Ihumwa hawachoki kulisimulia. Fundi mwashi mmoja alisimama mlangoni, anataka kuazima kitu, na jina la kitu limempotea.

"Kile... kile cha kunyooshea. Mwalimu, si unakijua?"

"Usikitafute," mzee alimwambia. "Ukikitafuta unakifukuza. Niambie, ukiwa nacho mkononi, mkono mwingine umeshika nini?"

"Mwiko."

"Na mwiko umetoka wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Na ndoo uliichotea maji wapi, na maji yakitulia yanakaaje..."

"Pimamaji!" fundi alipiga kelele kama aliyepigwa shoti.

"Umeona? Daraja lilikuwa limevunjika upande huu. Tumezunguka kwa nyuma."

Watu wakashangaa. Mimi nilimwazima fundi pimamaji kutoka kwenye gari langu, na hakuna anayekumbuka hilo.

Hayo ndiyo wanayomsifia. Sasa wasikie wasiyoyasema.

Kabla ya kustaafu, mzee huyu alikuwa mwalimu wetu Haneti. Na darasani kwake kulikuwa na kibao. Kipande cha ubao wa sanduku la chai, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani. Juu yake alichoma kwa chuma cha moto alama ya kosa, ileile mistari miwili inayokatana aliyoichora kwenye madaftari yetu. Aliyesikika akisema Kigogo, lugha ya kwetu, alivalishwa kibao shingoni. Alikaa nacho mpaka amnase mwenzake akisema Kigogo, ndipo anakivua na kumvika huyo. Jioni kengele ikilia, aliyekutwa nacho alichapwa.

Ufikirie ubaya wa mpango ule. Yeye hakuhitaji kutusikiliza, tulisikilizana wenyewe. Tulicheza mpira kimyakimya. Mtoto alijikwaa kidole kikatoka damu, akameza kilio kwa sababu hakujua kulia kwa Kiswahili. Shingo yangu ilikuwa na mstari wa katani mpaka nilipofika darasa la nne, maana kwetu Kiswahili kilikuwa cha kwenda dukani tu. Sasa Kiswahili changu hakina doa, kama unavyosoma, na Kiingereza changu kimenilisha. Wapo watakaosema ni kibao kilichonifikisha. Mtu akitupwa mtoni akajifunza kuogelea, hamshukuru aliyemtupa.

Nyumbani kwake sheria ilikuwa hiyohiyo, bila kibao. Mkewe alikuwa mwanamke wa Haneti, wa kwetu kabisa, na tangu alipoolewa alikatazwa Kigogo ndani ya nyumba. "Hii ni nyumba ya mwalimu," mzee alisema, kana kwamba nyumba zetu nyingine zilikuwa za nguruwe. Sisi wanafunzi tulipeleka maji na kuni kwake kwa zamu. Mama Mwalimu alitupokea uani, nyuma ya jiko, akachungulia mlangoni kwanza, kisha akatuambia "Mbukwenyi," salamu ya kwetu, kwa sauti ya chini kama anayetugawia kitu cha wizi. Alituuliza kwa Kigogo sisi ni watoto wa nani na kama tumekula. Alitupatia viazi. Tulikula tumesimama na kusema kwa kunong'ona. Katika shule nzima, nyuma ya jiko lile ndiko mahali pekee ambapo sikuwahi kuogopa. Hilo nitalirudia.

Sasa angalia mtu huyu anavyojipinga. Alistaafu, akahamia Ihumwa, akaanza ukuta wake, na kwa kuwa alitaka majibu mengi alikwenda kuyatafuta Haneti, Bahi kwenye mashamba ya mpunga, na mnadani kwa wafugaji. Aliwauliza wazee ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili. "Nikisema mama, unasema nini? Upesi, usifikiri." Mtu akiambiwa asifikiri hujibu kwa lugha aliyonyonyeshwa. Walimjibu kwa Kigogo. Na mzee aliyaandika majibu hayo kwenye kadi, akachora juu yake alama ya kosa, na hakuyatia ukutani. Alikuwa amestaafu shule, lakini bado alikuwa akisahihisha.

Kadi za makosa alizitupa kwenye kapu la kuwashia moto. Niliziona kwa macho yangu siku nilipokwenda kumsalimia mara ya kwanza baada ya kurudi ng'ambo. Mama Mwalimu alichomoa kadi moja, akaisoma polepole, midomo ikicheza, akaiweka chini ya kuni. Kisha nyingine. Nilidhani anapitisha muda. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akisoma lugha yake, kadi moja moja, kabla ya kuichoma kwa ajili ya uji wa mumewe.

Siku hiyohiyo mzee alinitazama kuanzia viatu hadi tai.

"Kwa hiyo umesomea mashine."

"Kompyuta na takwimu, Mwalimu. Nina stashahada."

"Stashahada," alisema, kama mtu aliyeonja mchuzi akakuta hauna chumvi. "Nikisema stashahada, unasema nini?"

"Nasema kazi."

"Mwenzako wa jana alisema karatasi." Akaongeza uzi, na tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu tena. Niliitwa Bwana Stashahada, mbele ya watu.

Kisha ikaja siku ambayo Bwana Stashahada alihitajika.

Alikuja ofisini kwangu asubuhi, wakati wa Bunge, foleni ya makarani mpaka barabarani. Hakupanga foleni. Alikuwa na sanduku la chuma juu ya baiskeli, na shati alilovaa lilikuwa na kifungo kilichofungwa tundu lisilo lake. Hilo lilinishtua kuliko sanduku. Mama Mwalimu hakuwahi kumwachia atoke vile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hicho chombo chako kinahesabu?"

"Kinahesabu kila kitu."

"Na nyuzi?"

"Na nyuzi. Kuna nini?"

Akaketi kwenye kiti cha mteja bila kukaribishwa. "Mama ameanguka. Kiharusi. Upande wa kulia wote. Hospitali wamemrudisha, anakaa, anakula, watu anawatambua. Lakini Kiswahili hakimo."

"Hakimo vipi?"

"Kimetoka. Anasema Kigogo tu. Kile cha kwao, cha zamani." Alitazama makarani, akapunguza sauti. "Simwelewi."

"Mwalimu, umekaa naye miaka thelathini."

"Nimekaa naye kwa Kiswahili."

Karani mmoja kwenye foleni alikohoa kuficha kicheko. Niliuliza kama majirani hawamsaidii. Ihumwa Wagogo ni wengi, nani atakosa wa kutafsiri? Akasema wanakuja, wanatafsiri, lakini mke akikuambia jambo kwa mdomo wa jirani linakuwa la mtaa. Jana, alisema, Mama alimwambia maneno marefu huku akilia, na yule mama mnene aliyeitwa kutafsiri alisikiliza, akajifuta macho, akasema, "Hayo siwezi kuyasema mimi, Mwalimu," akaondoka zake.

"Sasa unataka nini?"

"Nataka njia ya kumrudisha. Nimemjaribu kama yule fundi. Namwambia maji, mtungi, kata. Ananitazama tu. Madaraja mengi yamevunjika, na ukuta ni mkubwa kuliko macho yangu. Wewe weka nyuzi zote kwenye chombo chako. Kinitafutie neno moja la Kiswahili ambalo nyuzi zake ni nene kuliko za maneno yote ya nyumbani. Nikilishika hilo, mengine yatafuata."

Ningeweza kumwambia palepale: jifunze wewe Kigogo, mzee, acha kumvuta mgonjwa. Sikumwambia. Nilitaka aione kompyuta ikifanya kazi. Nilitaka akae kwenye kiti kile, yeye aliyenivalisha ubao, asubiri jibu litoke kwenye mashine ya mtoto wa Haneti. Nikapokea sanduku, lililojaa kadi alizonakili kila uzi wa ukutani.

Nilichapa kadi zake kwa wiki tatu, kila foleni ilipopungua, umeme ukikatika nikianza ukurasa upya. Hakuna mtu mwingine Dodoma nzima wakati ule aliyeweza kazi ile, na nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilipata nukta zote na mistari yote. Alikuja kila siku ya tatu, akasimama nyuma yangu akinipumulia shingoni. "Umeruka mbuzi na kamba." Sikuwa nimeruka.

Siku ya mwisho printa ililia kwa muda mrefu, karatasi ile ya matundu pembeni ikashuka mpaka sakafuni. Nikamwita akae.

"Mwalimu, serikali lina nyuzi nyingi kuliko maji."

"Watu wanaiongelea."

"Stesheni, shule, kodi, mkutano, mpira. Yote makutano makubwa. Sasa tazama huku." Nikamwonyesha. "Mama, nyuzi nne. Njaa, tatu. Usingizi, mbili. Kunyonyesha halina hata mmoja. Mtandao wako una ofisi, una stesheni, una shule. Hauna jiko. Mtu akiwa jikoni kichwani mwake, hakuna njia ya kumtoa hapo, kwa sababu jiko lenyewe halimo."

Aliitazama karatasi. Nilimwona akiielewa, na nitampa hilo, aliielewa upesi kuliko mwanafunzi yeyote. Alikuwa anaogopa kuisema.

"Majibu ya jikoni yalikuja kwa Kigogo," alisema mwishowe.

"Yako wapi?"

"Niliyaweka pembeni. Yalikuwa makosa."

"Pembeni wapi, Mwalimu?"

Alijua kwamba nalijua kapu lile. Alisema, kwa sauti niliyoisikia nikiwa mtoto kutoka kwa wenzangu tu, si kutoka kwake, "Mama alikuwa akiwashia moto."

Nilifurahi. Sitaficha jambo hilo. Niliikunja karatasi vizuri, nikamkabidhi kwa mikono miwili, nikamwambia, "Kosa kubwa katika takwimu, Mwalimu, ni kutupa majibu usiyoyapenda. Kwetu linafundishwa wiki ya kwanza." Makarani walisikia. Akafunga sanduku lake kwenye baiskeli kwa mpira, ukamponyoka mara mbili. Hakuna aliyetoka kumsaidia, na mimi nilikuwa na mteja.

Mvua zilikuja, zikaisha. Nilijiambia kwamba nimemaliza na mtu yule. Lakini nyuma ya jiko la Haneti hakukuniacha. Nilimfikiria Mama Mwalimu amekaa mbele ya ukuta wa maneno ya mumewe, anasema na hajibiwi, na kila anayemjibu ni jirani. Nikanunua sukari na doti moja ya kanga, nikavaa tai yangu, kwa sababu siendi kwa mtu yule bila tai, nikaendesha pikapu yangu mpaka Ihumwa.

Nyumba ilikuwa wazi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba ukuta ulikuwa umeachwa. Nyuzi za juu zilikuwa zimekatika na kuning'inia, serikali limeanguka, hakuna aliyeliokota. Lakini chini kabisa, usawa wa mkono wa mtu aliyekaa mkekani, palikuwa na misumari mipya, michache, na nyuzi zake zilikuwa nyekundu, zimefumuliwa kwenye kanga kuukuu. Kadi zake ziliandikwa Kigogo kwa mwandiko wa mzee, ule wa ubaoni, na nyingi zilikuwa zimekatwa na kuandikwa upya mara mbili, mara tatu.

Mama Mwalimu alikuwa amekaa mkekani, mgongo kwenye mto, mkono wa kulia umelala mapajani. Kwa mkono wa kushoto alikuwa akikaza fundo. Mzee alikuwa sakafuni mbele yake, amekunja miguu kama mtoto wa darasa la kwanza, penseli mkononi, na shingoni mwake kilining'inia kibao.

Kilekile. Ubao wa sanduku la chai, alama ya kosa, na kamba mpya ya katani. Sikujua kama alikuwa amekitunza. Baadaye niliambiwa na majirani kwamba miaka yote kilikuwa kifuniko cha mtungi, na kwamba Mama mwenyewe ndiye aliyekionyesha kwa kidole, siku alipoona mumewe anarudia kumsemesha Kiswahili. Alikionyesha, kisha akaionyesha shingo ya mumewe.

"Hodi humu," nilisema. "Shikamoo, Mwalimu."

Mzee aligeuka. Hakuniitikia. Uso wake ulibadilika, na niliutambua ule uso, maana niliuvaa mimi mwenyewe mara nyingi: uso wa mtoto aliyebeba kibao tangu asubuhi na sasa amesikia mwenzake akikosea. Aliinuka kwa kushika goti. Akakivua. Akanijia na kibao mkononi, mzee wa mvi, mstaafu, na hakuwa na haya hata kidogo.

Ningeweza kumkatalia. Mimi si mwanafunzi wake, nilikuwa na watu wanne walioajiriwa kwangu na pikapu nje. Lakini shingo yangu iliinama kabla sijaiamuru. Kibao kikatua juu ya tai, kikiwa na joto la kifua chake.

Mama Mwalimu alicheka. Mdomo ulikwenda upande mmoja, na sauti ilikuwa nzito, lakini kilikuwa kicheko kilekile cha nyuma ya jiko. Kisha akanitazama vizuri, akaniambia "Mbukwenyi," kwa sauti kubwa, mlango ukiwa wazi, mchana. Akaniuliza kwa Kigogo mimi ni mtoto wa nani, na kama nimekula.

Nilisimama pale na stashahada yangu. Neno la kwanza halikuja. Nilikuwa na Kiingereza tayari, nilikuwa na Kiswahili tayari, na mahali pa lile la tatu palikuwa kama ukuta wa juu, nyuzi zinaning'inia. Nikaacha kulitafuta. Nikakumbuka kiazi cha moto kilivyokuwa kikiniunguza kiganja, na jina la kiazi likaja, na jina la kiazi likaleta jiko, na jiko likamleta mama yangu, kwa jina ambalo Mama Mwalimu angemtambua kwalo. Nikalisema. Macho ya Mama Mwalimu yakajaa machozi, akalirudia jina, akapiga mkeka kwa mkono wa kushoto: kaa.

Nikakaa. Mzee alikuwa amekwisha kuinama juu ya kadi. Alijaribu kulitamka lile neno la kiazi, akalivunja vibaya. Nikamsahihisha kwa ukali, kama alivyokuwa akitusahihisha. Akalirudia. Bado baya. Mama akampiga kidogo begani, akamwambia jambo, naye akatikisa kichwa kwamba ameelewa, na nadhani kweli alikuwa ameelewa, maana masikio yake yalibadilika rangi. Hakuniangalia. Hakuniomba radhi, kwa lugha yoyote. Sikumsamehe siku ile na sijamsamehe. Watu wakiniambia alikuwa na akili, nawaambia kwamba mtu anayehitaji miaka thelathini na kiharusi cha mkewe ili aanze darasa la kwanza ni mzito sana kichwani.

Aliandika neno la kiazi. Mama akachagua uzi. Nilikuwa nimeanza kulikumbuka lingine, na kibao kilikuwa kikinikwaruza mahali palepale pa zamani, tuliposikia mtu anakuja uani, viatu vikiburura, bila shaka yule mama mnene anakuja kuazima ungo. Mama Mwalimu aliweka kidole mdomoni. Mzee alizuia penseli. Nami nikaishika kamba ya katani kwa mikono miwili, tayari kuivua, na sote watatu tukanyamaza tukimsubiri apige hodi kwa Kiswahili.